Dereva Aliyekataa Kidonge cha Usiku

Nyinyi mnaoanza kazi ya uuguzi sasa, mtakutana na wagonjwa wa kila namna, na wengine watawatisha: anayepiga kelele, anayetupa sahani, anayewaita wachawi. Hao msiwaogope sana. Mimi, baada ya miaka yote niliyokaa na wagonjwa wa mawazo, wa akili kama wengine wanavyosema, aliyenitisha kuliko wote ni yule anayesema "ndiyo" kwa kila kitu. Unamwambia ameze hiki asubuhi, ndiyo mama. Hiki usiku, ndiyo mama. Wiki inayofuata unamuuliza kama alimeza, ndiyo mama, asante sana.

Siku moja tulikuwa tunabadilisha mabati ya chumba cha wanaume, pale kwenye centre yetu ya afya, mtaa wa Bungulu, mjini Beni. Fundi akapanda juu ya dari, na mara tukamsikia anacheka peke yake huko. Akasukuma ubao mmoja, vidonge vikaanza kuanguka juu ya vitanda kama mahindi yanayomwagika kutoka kwenye mfuko. Kila "ndiyo mama" ya miezi mingi ilikuwa imehifadhiwa pale juu. Docteur Mbusa alisimama katikati ya chumba, akaokota kimoja, akakipuliza vumbi.

"Donc," alisema, "hii nyumba njo ilikuwa inapona, hapana bagonjwa."

Nawaeleza hayo ili muelewe kwa nini mpaka leo namheshimu mtu mmoja aliyesema hapana. Aliisema mbele ya docteur, ameketi, kwa sauti ya kawaida, na hakuondoka baada ya kuisema.

Ilikuwa miaka ya uasi, wakati Beni ilikuwa na wakubwa wake wenye bunduki na Kinshasa ilikuwa mbali kuliko Ulaya. Mimi nilizaliwa mwaka wa indépendance. Nimeona serikali nyingi zikipita kwenye barabara ileile, kila moja na bendera yake na barrière yake ya kusimamisha magari. Nilipoanza kazi, tulikuwa na sindano moja kwa kila aina ya kelele. Kwa wagonjwa wasiopiga kelele hatukuwa na kitu. Mtu aliyeketi kimya akiangalia ukuta, ambaye haogi, hali, halii, tuliona hana shida, kwa sababu hakutusumbua.

Aliyetufundisha kumwona mtu huyo ni Docteur Mbusa. Hakuwa mtaalamu wa mawazo. Asubuhi alizalisha, akapasua ngiri, akashona majeraha. Mchana ndipo alikuja upande wetu, na koti lake lilelile lililochanika mfukoni, akaketi na watu. Alikuwa amesomea Kisangani, na mengine alijifundisha mwenyewe kwa kusoma, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuifanya kazi hiyo. Alikuwa mkali. Alitugombeza kwa mambo madogo kama sahani yenye mafuta. Lakini sijaona mtu aliyesikiliza mgonjwa kama yeye.

Alinifundisha nisimuulize mgonjwa kama analala. Nimtafute anayelala karibu naye, nimuulize huyo. Alinifundisha nisiseme, "Ulimeza dawa?" Niseme, "Dawa inakufanya nini?" Anayemeza atakuwa na neno: mdomo unakauka, choo kinakuwa kigumu, ndoto zimekuwa nyingi. Asiyemeza atakuambia iko muzuri. Jaribuni, mtaona.

Sasa Ramazani. Alikuwa wa kule mtaa wa Beu, wa familia ya Waislamu wanaofanya usafirishaji tangu baba zao. Aliendesha kamioni yao, Benz ya zamani. Kutoka Beni alipakia mchele na mbao kupeleka Butembo, na kutoka Butembo alirudi na sabuni, vitambaa na chumvi. Abiria waligombania kupanda kwake kwa sababu hakunywa pombe na hakushindana na mtu barabarani.

Siku moja akitoka Butembo, kwenye kona moja chini ya mteremko wa Kabasha, watu wenye bunduki walimsimamisha. Mpaka leo hatujui walikuwa wa nani. Pembeni yake alikaa ndugu yake mdogo, Saidi, mfanyabiashara wa vitenge, naye baba wa familia. Walichukua mzigo, na Saidi akauawa palepale kwenye kiti. Ramazani aliendesha mpaka Beni na ndugu yake kando yake.

Walimzika, na baada ya matanga Ramazani akarudi kazini kama watu wote walivyorudi kazini wakati ule. Kwanza alikataa mtu asikae mbele naye. Halafu akaanza kusema kamioni ina shida ya injini, na injini ilikuwa nzima. Mwishowe akabaki kitandani. Shehe alikuja kumsomea, majirani Waprotestanti walikuja kumwombea, na yeye aliwashukuru wote kwa adabu, akageukia ukuta.

Aliyemleta kwetu ni bibi yake wa ndoa, Mama Zaina, mwanamke mfupi mwenye haraka, aliyeuza chumvi sokoni. Alimwacha mume wake kwenye benchi, akanivuta pembeni ya baraza.

"Mama Masika," aliniambia, "jana alianza kugawa manguo yake. Anasema batoto batakomaa muzuri kwa bajomba."

Mkisikia neno kama hilo, wanangu, acheni kazi nyingine zote. Nilimwita docteur kutoka maternité, akaja na mikono bado ina maji. Alikaa na Ramazani muda mrefu, akamuuliza waziwazi kama anataka kufa, na Ramazani akamjibu waziwazi pia. Tukampa amitriptyline, kidonge cha usiku. Docteur akamweleza kwamba usingizi utarudi kwanza, na huzuni itachukua wiki kadhaa kupungua. Akamkataza kuendesha. Mama Zaina ndiye aliyepewa pakiti aitunze.

Alilala. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alilala mpaka asubuhi, akaanza kula kidogo, na ile habari ya bajomba ikaisha. Docteur alifurahi. Mimi pia nilifurahi. Kama angekuwa mtu wa "ndiyo mama", habari yake ingeishia hapo, na ningekuwa sijui iliishia wapi.

Wiki kadhaa baadaye alikuja peke yake, kwa miguu, kutoka Beu. Alikuwa amenyoa ndevu. Alisalimia, akaketi mbele ya meza ya docteur, akaweka pakiti ya vidonge mezani.

"Docteur," alisema, "nimekuja kukuambia mbele ya macho. Hii sitameza tena."

Docteur alimuuliza dawa inamfanya nini. Na huyu alikuwa na maneno. Mdomo ulikuwa mchanga mtupu. Asubuhi kichwa kilikuwa kama kimefungwa ndani ya blanketi, na blanketi hilo lilifunguka mchana tu. Maandishi madogo yalicheza machoni. Halafu akaeleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa mgonjwa yeyote. Alikuwa amepanda kamioni yake ndani ya parcelle, uani kwake, geti limefungwa, injini imezimwa. Akamwomba bibi yake asimame mbali na apige makofi bila kumwonya. Kila akisikia kofi, akanyage breki. Mguu ulichelewa. Alijaribu siku nyingine, ukachelewa tena.

Docteur alimwambia ndiyo maana alimkataza kuendesha, basi asiendeshe.

Ramazani alimjibu kwa utulivu kwamba nyumbani ndiko Saidi alimkalia kichwani mchana kutwa. Barabarani, na mashimo yake na mateso yake yote, ndiko kichwa chake kilinyamaza. Tena bibi yake alikuwa anashinda juani na chumvi, na kamioni imekaa. Alikuwa amesikia kwa shemeji yake wa Kasese, Uganda, kwamba kuna dawa nyingine, inamezwa asubuhi, nayo haimlalishi mtu. Alitaka hiyo.

Docteur aliijua hiyo dawa, fluoxetine. Aliikataa kwa sababu mbili, na nataka mzikumbuke, maana hazikuwa sababu za kijinga. Ya kwanza, dawa hiyo mwanzoni inaweza kumsumbua mtu, ikamnyima usingizi na utulivu kabla huzuni haijaondoka, na huyu alikuwa ametoka juzi kugawa nguo zake. Ya pili, ilitoka huko Uganda kupitia mpaka wa Kasindi, na mpaka huo ulikuwa ukifungwa na kufunguliwa kama mlango wa kuku. Kumwanzisha mtu dawa halafu ikakatika katikati, alisema, ni kumpandisha mtini na kuondoa ngazi.

Ramazani alisema ameelewa, lakini hiyo ya usiku hataimeza. Docteur akapandisha sauti. Akamuuliza nani kati yao ni docteur.

"Ni weye njo docteur," Ramazani alimwambia. "Mais miye njo nitameza."

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango na sinia ya sindano, na nilijua kinachofuata: mgonjwa anainuka, anashukuru, anaondoka, harudi kwetu tena. Hakuinuka. Aliketi, mikono juu ya magoti, akisubiri. Aliyetoka ni docteur. Alikwenda uani, akanawa mikono kwenye ndoo, akanawa tena, mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote. Aliporudi hakukaa nyuma ya meza. Alivuta kiti akakiweka kando ya Ramazani, magoti yao yakakaribiana.

"Nieleze tena ile ya muguu," alisema.

Wakaongea mpaka jua likazunguka nyumba. Docteur alimuuliza mambo ya breki, ya mizigo, ya mteremko wa Kabasha. Ramazani naye akamuuliza huo usumbufu wa mwanzo unakuaje, unaanza lini, mtu atajuaje kwamba ni dawa na siyo ugonjwa. Mwishowe walikubaliana, kila mmoja akiacha kitu. Docteur alikubali dawa ya asubuhi. Ramazani alikubali kuendelea na ya usiku kwa sasa, ipunguzwe polepole, asiache ghafla. Alikubali pia bibi yake atunze dawa zote, wajomba wa watoto wawe wanakuja kukaa naye, na asiguse usukani barabarani mpaka docteur mwenyewe aseme.

Mkumbuke, wanangu, kuwa docteur huyu angeweza kuandika karatasi na kumwambia akatafute mwenyewe. Alipanda pikipiki ya mtu mpaka Butembo, akamuuliza mwenzake mmoja aliyekuwa ameitumia dawa hiyo zaidi yake, akazunguka kwenye pharmacies akisoma kila boksi litaharibika lini. Alirudi na vumbi mpaka ndani ya masikio, na mfuko wa maboksi ya kutosha hata kama mpaka wa Kasindi ungefungwa. Hakuanza kabla ya kuwa na akiba. Hilo nalo shikeni: kabla ya kumwanzisha mtu dawa ya kila siku, jueni ya mwezi ujao itatoka wapi.

Na docteur hakuwa amekosea. Wiki ya kwanza ya dawa mpya Ramazani hakutulia. Alizunguka parcelle kutoka geti mpaka jikoni, jikoni mpaka geti, akitikisa mikono kama ana mchwa ndani ya mifupa. Mama Zaina alikuja asubuhi mapema, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, akaniambia anaogopa ile ya zamani inarudi. Nilimwambia docteur. Nilitegemea kusikia neno moja tu, "nilisema", na nadhani hata Ramazani alilitegemea. Sikulisikia siku hiyo, wala baadaye sikulisikia kamwe.

Alikwenda Beu jioni hiyo baada ya kazi, na jioni zilizofuata. Dawa ilikuwa gelule, unga ndani ya ganda, haikatwi, kwa hiyo alimwambia ameze siku moja na aache siku moja, mpaka mwili uzoee. Halafu alikaa naye. Waliongea juu ya injini. Docteur hakujua lolote la injini na aliuliza maswali ambayo watoto wa pale ndani waliyacheka. Siku moja nilimfuata na kipimo cha presha, nikamkuta Ramazani anatembea, na docteur anatembea naye, geti mpaka jikoni, koti lake lililochanika linapepea, wakibishana juu ya mafuta ya gearbox.

Ramazani alimwambia mbele yangu kwamba amechoka, lakini dawa aliiomba mwenyewe, basi ataivumilia. Docteur akamjibu kwamba akishindwa aseme, na itakuwa heshima ileile.

Dalili ya kwanza ya kupona hatukuiona sisi. Mama Zaina alikuja centre anakimbia, machozi yanamtoka, nikafikiri tumempoteza mtu. Kumbe Ramazani alikuwa ameonja mboga ya sombe, akasukuma sahani, akasema haina chumvi, na bibi yake anauza chumvi. Waligombana juu ya sombe hiyo mpaka majirani wakasikia. Mama Zaina alikuwa anatuletea habari kwamba mume wake amerudi.

Nitawaambia kabisa ilivyoisha, ili msikae na wasiwasi. Ramazani alimeza dawa ile muda mrefu, kisha yeye na docteur wakaipunguza pamoja, polepole, wakaiacha. Aliendesha miaka mingi. Kila akipitia Kasindi wakati wa amani alimuuliza docteur kama kuna boksi la kuleta. Lakini msitoke hapa mkidhani dawa ya asubuhi ndiyo shujaa. Habari zake zilipoenea, mwalimu mmoja wa shule ya Waprotestanti, kule mtaa wa Ruwenzori, alikuja akiitaka kwa nguvu, "ile ya chauffeur". Tukampa. Ilimkosesha usingizi na haikumsaidia kitu. Alirudi mwenyewe kwenye kidonge cha usiku, akanenepa, akacheka, akafundisha mpaka pension. Docteur alikuwa amejifunza sasa kuuliza mapema: kazi yako ni gani, unaamka saa ngapi, mikono yako inashika nini. Nasi tukajifunza kwake.

Siku ninayoipenda kuliko zote ni ile ya safari. Kidonge cha usiku kilikuwa kimepunguzwa mpaka kikaisha, Ramazani alikuwa amelala vizuri na kula vizuri kwa muda, mguu wake ulijibu makofi ya Mama Zaina bila kuchelewa, na kwa ruhusa ya docteur alikuwa amezunguka mitaa ya Beu na kamioni tupu. Docteur alikuwa na mkutano Butembo. Akaja parcelleni asubuhi, mimi nyuma yake, akamwambia Ramazani kwamba leo Ramazani ndiye atakayemwendesha.

Ramazani aliuangalia mlango wa abiria. Alisema kwa sauti ya chini kwamba pale hapajakaa mtu tangu Saidi. Docteur alisema anajua, na kama Ramazani hataki, atapanda nyuma na mizigo, haitamuumiza. Ramazani alisimama akifuta kioo ambacho kilikuwa safi. Halafu akazunguka, akafungua mlango ule kwa mkono wake mwenyewe, akapangusa kiti.

Mimi niliwekwa katikati. Docteur aliniambia kazi yangu ni kuangalia miguu ya chauffeur, kwa hiyo safari nzima ya kwenda niliona viatu tu. Ramazani alishika ufunguo, hakuugeuza. Kuku walipita mbele ya kamioni, mtoto wa jirani akapita na bidoni ya maji, na ndipo injini ikalia.

Kwenye kona ile chini ya Kabasha alipunguza mwendo, akasimama kando. "Ni hapa njo ilitokea," alisema. Akafungua viganja, akasoma Fatiha kwa midomo tu, akajipangusa uso. Mimi niliomba kwa namna yetu. Docteur alivua kofia, akaiweka juu ya magoti, akakaa hivyo mpaka Ramazani alipoingiza gia. Miguu, niliyokuwa naiangalia, haikutetemeka.

Mkutano ulikwisha mchana. Tulipakia sabuni, tukashika njia ya kurudi, mvua imepita na vumbi limelala. Docteur alikuwa amezalisha usiku uliotangulia bila kumwambia mtu. Hatujafika hata Maboya, kichwa chake kilianguka juu ya mlango, mdomo wazi, akaanza kukoroma. Kwenye kiti kile cha Saidi.

Nilimwangalia Ramazani. Yeye aliangalia barabara, halafu akatupa jicho upande wa docteur, akarudi barabarani. Akanyoosha mkono mbele yangu, akahakikisha kitasa cha mlango kimefungwa vizuri. Kuanzia hapo aliendesha kama amebeba mayai. Kila shimo alilizunguka. Mbuzi walipolala katikati ya njia hakupiga honi. Alisimama, akashuka, akawafukuza kwa mkono. Kwenye ile kona hakusimama. Aliinamisha kichwa kidogo, akapita polepole, asimwamshe mtu.

Tulipoingia Beni jua lilikuwa bado juu. Alizima injini mbele ya centre, akakaa. Mimi nilitaka kumgusa docteur bega, Ramazani akanizuia kwa kichwa. Tukakaa hivyo, sisi watatu, watu wa Bungulu wakipita na kutushangaa, mpaka docteur alipofungua macho, akajifuta mdomo na kuuliza tuko wapi.

"Tumefika, docteur," Ramazani alimwambia. "Shuka polepole, muguu yako ingali inalala."